Zamu Yangu Getini

Kanisani kwetu Garissa, waumini hupokezana zamu ya kukagua watu getini kila Jumapili, kwa kuhofia magaidi. Mimi niliipenda kazi hiyo hadi nikawa nachukua na zamu za wenzangu. Sikumwamini mtu.

Barabarani wanawake wetu hujitanda mitandio kama wenyeji Waislamu wasitambulike, kisha huishusha wakifika getini. Jumapili moja mama mgeni hakuushusha wake. Nikamzuia.

"Mama, hebu sali Baba Yetu nikusikie."

Akasali bila kusita mpaka katikati, akanyamaza, akanikazia macho.

"Haya, baba, malizia wewe."

Ndani walikuwa wanaimba. Nilikuwa sijaingia humo kusali tangu mwaka uanze. Nikafungua mdomo, na neno lililofuata halikuja.