Majivu ya Mama Germaine

Katika mtaa wao, avenue ya Kasuku, hakuna aliyemsalimu Germaine kwa moyo mweupe tangu vita. Alikuwa mjane, mkamuaji wa mawese, mikono myekundu hadi viwiko. Kibanda chake kilitazamana na lango la ghala, na kati yao ilipita njia ya udongo iliyoteremka moja kwa moja hadi mto Lualaba.

Chuki ilianza mwaka waasi walipoushika mji. Askari wanne walikuja kumpora mapipa. Pipa moja likapinduka, mawese yakamwagika njiani, na wanaume wale na bunduki zao wakateleza njia nzima mpaka majini. Germaine akamwaga majivu mbele ya miguu yake, kama wafanyavyo wakamuaji sakafu inapoteleza, akapanda mteremko, akakimbilia kijiji cha Tunda. Aliporudi, jirani yake Florentin alikuwa ameshaeneza habari: aliwapa waasi mawese kwa hiari, ndiyo maana yuko hai.

Sasa wafu walikuwa wakitembea. Ugonjwa ulikuja na barabara ya Kibombo: mtu anakufa asubuhi, mchana anasimama na kuuma. Watu wa avenue walijifungia ghalani, Florentin akashika ufunguo.

Germaine aligonga lango.

"Mufungue! Wako njiani!"

"Hapa hakuna nafasi ya weye," Florentin alijibu. "Weye njo uliwalisha waasi. Uende kwao."

"Mutanisikia nikiliwa?"

"Tutaziba masikio!" akasema mke wake, Bibiche, na watu wakacheka.

Germaine hakugonga tena. Alivingirisha mapipa yake matatu, mawese ya msimu mzima, hadi juu ya njia, akayapindua. Njia ikawa nyekundu mbele ya lango na mbele ya kibanda. Yeye akamwaga majivu mlangoni kwake, akasimama juu yake, akaanza kupiga kifuniko cha pipa kwa upawa.

Wafu hufuata kelele. Wa kwanza alikuwa na shati la harusi. Alikanyaga mawese mara moja tu, akaanguka. Mfu hajui kunyoosha mkono ashike kitu. Alipita mbele ya Germaine chali, meno yakigongana, mpaka majini, na mto ukamchukua. Wengine wakafuata, kumi, arobaini, wengi. Germaine alipiga mpaka hakuna aliyeshuka tena.

Kesho yake kiu ilibana ghalani. Florentin alifungua lango, akatoa mguu mmoja, akaanguka. Akang'ang'ania nguzo ya lango, miguu yake ikielekea mtoni, hadi wenzake wakamvuta ndani.

"Mama Germaine," alihema, "utusaidie. Watoto wana kiu."

"Leo mimi ni mama? Useme kwanza habari ya mawese. Kwa sauti."

Florentin akawageukia wenzake.

"Walimupora," Florentin akasema. "Niliona kwa macho yangu. Nilijificha nyuma ya kibanda."

"Florentin, weye!" Bibiche akalia. "Miaka yote hii?"

Germaine alichukua kikapu cha majivu. Aliyamwaga konzi kwa konzi, akayakanyaga, akasogea, mpaka ikabaki hatua moja ndefu kufika langoni. Kikapu kilikuwa bado kimejaa nusu.

"Muruke," alisema.

Akawadaka watoto mmoja mmoja. Akamdaka Bibiche, bila kumtazama. Ilipofika zamu ya Florentin, Germaine alirudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani.

"Ruka," alisema.