Korongo wa Kinamasi Chetu

Sisi tuliokulia kwenye moshi wa miwa hatuhitaji kuelezwa mengi. Mnakumbuka sare za shule zimefuliwa Jumamosi, zimeanikwa, halafu shamba la jirani linachomwa tayari kwa kukatwa, na majivu meusi yanazipaka zote. Mama anafoka, sisi tumeshatoroka kwenda kuvizia trekta linalopanda kilima polepole, tuchomoe miwa kwa nyuma. Tulitafuna hadi pembe za midomo zikachanika. Watoto wa siku hizi wanauziwa muwa uliomenywa, ukakatwakatwa, ukatiwa kwenye mfuko, na bado wanalalamika ni mgumu!

Lakini kumbukumbu yangu kubwa iko chini ya boma letu, upande wa Kabras, kwenye kinamasi. Kilikuwa na mafunjo marefu kumpita baba, na ndani yake korongo wawili wenye taji la dhahabu kichwani walitaga kila mwaka. Kabla ya kutaga walicheza. Mmoja anainama, mwenzake anaruka mabawa wazi, kisha wanapokezana. Nasi tulijifunga nyasi vichwani tukawaiga, hadi ndama tuliotumwa kuchunga wakaingia kwenye mahindi ya watu. Fimbo za siku hiyo bado nazisikia mgongoni.

Mama alikuwa akifuma mikeka, naye ndiye aliyewaongoza wanawake waliokata mafunjo pale. Walikuwa na sharti moja: hakuna mundu kuingia kinamasini mpaka korongo wawatoe vifaranga wao nje, watembee nao kwenye nyasi kavu. Hata kama mikeka yote imeisha nyumbani, walingoja.

"Mwenzako anazalianga humo," Mama alituambia. "Ukiingia na mundu, utamwambia umefuata nini?"

Ndipo kilimo cha miwa kikapamba moto. Watu walipanda mpaka mlangoni. Ukitoka nje unakutana na miwa kabla ya jirani. Nyumba za mabati zikaota kijiji kizima, na baba, aliyekuwa mtu mwema sana, akaanza kukiangalia kinamasi kwa jicho jingine. Akasema atachimba mtaro, maji yashuke mtoni, apande. Mama hakubishana naye mbele yetu. Alimwomba tu, akimwita kwa jina langu, "Baba Nekesa, ngoja watoto watoke."

Na baba alingoja, jamani! Hilo ndilo linaloniuma. Vibarua walikuwa tayari na majembe, akawarudisha. Alikuwa akishuka mwenyewe kuchungulia. Vifaranga walipotoka na wazazi wao, alikuja jikoni uso umemkunjuka.

"Mama Nekesa, wametoka wote. Nimengoja vile ulisema."

Kesho yake mtaro ukaanza. Mama alisonga obusuma, ugali wetu, huku machozi yanamtoka, na mimi sikuelewa analilia nini.

Nilielewa mwaka uliofuata. Korongo walirudi wakakuta miwa. Walisimama katikati ya mistari, wakaita, wakaruka wakazunguka, wakaita tena. Baba aliacha chakula akatoka kuwatazama. Kisha wakaenda, na hatukuwaona tena.

Baba tulishamzika. Miwa ya pale chini ilinawiri mwanzoni, kisha trekta likawa linazama kila likienda kuibeba, tukaiacha. Mtaro ndio haukuchoka kufanya kazi. Sasa mji wa Kakamega umejinyoosha hadi kwetu, na mdogo wangu Wekesa akaleta mtu wa kupima ploti. Vigingi vikasimama pale pale. Nilimsihi tuzibe mtaro, kinamasi kirudi, akanicheka: "Dada, sasa unataka kufuga ndege?"

Jumapili moja tulikuwa tumekaa nje na Mama, ambaye haoni tena. Kijana wa Wekesa, aliyesikia tukibishana, akawatafuta korongo kwenye simu. Vijana wetu hawa! Ndege aliye juu ya paa lao hawamjui jina, lakini simu inawajulia wote. Akabonyeza, na sauti ikatoka, ile ile ya utotoni kwetu. Mama akainuka, mikono inapapasa hewani.

"Wamerudi," akasema. "Waambieni akina mama, mtu asiingie na mundu. Watoto bado wako ndani."

"Kukhu, hii ni si..." kijana akaanza kumwambia bibi yake, na Wekesa akamshika bega kumzuia.

Asubuhi yake nilishuka nikamkuta Wekesa mtaroni, suruali imekunjwa hadi magotini, anarudisha udongo. Vigingi alikuwa ameving'oa, amevirundika kando. Nami nikachukua jembe.

Enzi zetu kijiji kizima kilingoja ndege wawili, na hakuna askari aliyetusimamia. Leo hata simu ikichelewa kufunguka tunaipigapiga. Maji yameanza kusimama pale chini, na mafunjo machanga yamechomoza. Korongo sijawaona. Kila asubuhi Mama huniuliza kama vifaranga wametoka, nami humjibu, "Bado, Mama. Tunangoja."