Wati Ishirini na Tatu

Harufu ya waya unaoungua ikinipata popote, uso hunichoma kwa aibu. Hunirudisha Rwamgasa, uani kwetu, nikiwa kidato cha pili, msichana mwembamba mwenye maneno mengi kuliko kimo chake.

Siku hiyo walifika wazee kutoka Kishapu, upande wa mchumba wa dada yangu Minza, kuzungumzia mahari. Kwetu mgeni wa safari ndefu huoga maji ya moto kwanza, mazungumzo baadaye. Lakini mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, kuni zote zilikuwa mbichi, na jikoni kulikuwa na moshi tu. Ili tuwe na taa na muziki, baba alikuwa ameazima jenereta ndogo ya jirani yetu, Baba Shija, ile aliyoitumia kuvuta maji kwenye duara lake, shimo alilochimbia dhahabu. Shangazi akatoa hita yake, koili ya kutumbukiza kwenye ndoo.

"Kabula, jenereta hii itaiweza?"

Baba alikwisha kuwaambia wageni kwamba bintiye anaujua umeme, kwa hiyo wazee wote wakageuka kunitazama. Jenereta iliandikwa wati 650. Kwenye hita yalibaki maandishi mawili tu, volti 230 na ampea 10. Nikaokota mkaa, nikaandika ukutani, nikagawanya volti kwa ampea.

"Wati ishirini na tatu, shangazi. Haifiki hata taa ya sebuleni."

"Una uhakika, mama?"

Sikuwa nao. Nilichopata kilikuwa ukinzani, omu ishirini na tatu. Wati ningezipata kwa kuzidisha, na zingekuwa elfu mbili na mia tatu. Moyoni nilijua kabisa kwamba kitu kinachochemsha ndoo nzima hakiwezi kula umeme kidogo kuliko taa. Ila wazee walikuwa wananitazama, na zile sifa zilikuwa tamu. Nikasema ndiyo, nikaichomeka hita mwenyewe.

Jenereta ilinguruma, ikakohoa, ikatoa moshi, na muziki ukakatika. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Ndiye msomi wenu huyu?" Nilitamani ardhi inimeze. Baba Shija alikuja mbio, akainama juu ya mashine yake, akainuka ametahayari kwa niaba yetu.

"Nani ameunganisha hii?"

"Mimi," akasema baba, mtu aliyeogopa hata kugusa swichi.

Wageni waliogea maji ya baridi. Mahari ilikubaliwa hivyo hivyo, lakini mtamba wa kwanza wa mahari hiyo hakulala zizini kwetu hata siku moja. Alipelekwa kwa Baba Shija kufidia jenereta iliyoungua, maana bila hiyo duara lake lilikuwa limejaa maji. Nilijifungia chooni nikalia.

Tangu hapo baba hakuniita tena kuwaonyesha wageni akili zangu. Nilishukuru, nikidhani amesahau.

Sasa mimi ni mwalimu wa fizikia. Nikienda nyumbani nikakuta wageni, baba husema, "Huyu mwanangu ni mwalimu." Wakiuliza wa somo gani, yeye huwahi kuwakaribisha chai. Miaka mingi nilifikiri ni uzee tu, mpaka juzi nilipomwona akinitupia jicho la wasiwasi kabla ya kuitaja hiyo chai. Anaogopa wataniuliza hesabu.