Maji ya Majivu ya Bibi

Jumamosi asubuhi mvua ilinyesha hapa shuleni Mikumi, ikalowesha lile rundo la majivu ambalo mpishi humwaga nyuma ya jiko. Nilikuwa napita na ndoo yangu. Harufu ya majivu yaliyolowa ikanipanda puani, kali kidogo, kama chuma kilichozikwa kwenye udongo, nikasimama palepale. Wenzangu wakanipita. Mmoja akasema, "Huyu naye kaganda," wakacheka. Mimi siyo mwepesi wa kujibu watu, na wanaonijua wameshazoea. Ila wewe nitakueleza nilikuwa wapi. Nilikuwa Kilosa, nyuma ya nyumba ya Bibi, nasoma darasa la tatu, nimechuchumaa nikisikiliza maji yakidondoka ndani ya chungu.

Nililelewa na Bibi mzaa mama. Mama alikuwa huku Mikumi akifanya usafi kwenye nyumba ya wageni, na kumwona ilikuwa mpaka mwisho wa mwezi, tena miezi mingine huo mwisho ulipita kimya. Tulikaa upande wa reli, kwenye mtaa ambao babu wa karibu kila mtu alitoka mbali kuja kukata mkonge au kutengeneza njia ya treni, akabaki. Bibi alikuwa mtu wa milimani, aliolewa pale. Hata Babu alipofariki, kuna waliokuwa bado wanamwita "yule wa mlimani", kana kwamba amefika jana.

Nilikuwa na pumu. Sabuni ya unga, dawa ya choo, udi, dawa ya mbu ya kuwasha, vyote vilinibana kifua mpaka nikawa natoa mlio wa filimbi iliyoingia mate. Shuleni, Ijumaa wenzangu walipomwaga povu darasani na kuteleza kwa makusudi, mimi niliwekwa nje nilinde mabegi. Nililinda mabegi mengi sana maishani.

Siku moja tulipotoka hospitali, Bibi alikusanya kila chenye harufu kali ndani ya nyumba akakigawa. Udi wake, ambao aliupenda kuliko hata chai, akampa Mama Zuhura, jirani yetu. Kisha akajishika kiuno, akaniambia kwa ule utani wake wa bibi na mjukuu, "Haya, mke mwenzangu. Tunarudi kwenye usafi wa mama yangu."

Usafi wa mama yake ulikuwa hivi. Alichukua kopo kubwa, akalitoboa matundu chini, akatandika nyasi kavu, akajaza majivu yaliyochekechwa. Juu akamwagia maji ya mvua kidogokidogo. Chini, kwenye chungu, yakawa yanadondoka maji ya rangi ya chai iliyokosa majani, yanateleza ukiyashika. Hayo yalifulia nguo na kutoa mafuta mezani. Hakuyagusisha kwenye sufuria kwa sababu yangeziharibu. Sufuria zilisuguliwa kwa mchanga laini na maganda ya limau, kwa fungu la nyuzi za mkonge. Mwishoni alijipaka mafuta ya nazi mikononi, akanipaka na mimi, ingawa mimi sikuwa nimefua chochote. Nyumba yetu ikawa hainuki kitu. Sijui kama umewahi kuingia kwenye nyumba isiyonuka kitu. Ilikuwa kama imeoga.

Na lilikuwepo yai. Maji ya majivu yakizidi ukali yanakula ngozi, kwa hiyo Bibi alitumbukiza yai bichi kwenye chungu. Likielea, aliongeza maji ya mvua, akikoroga taratibu na kuhesabu vikombe kwa lugha ya kwao, mpaka lizame. Likizama, tunafua.

Tatizo ni kwamba sisi wenyewe hatukuwa na majivu. Tulipikia mtungi mdogo wa gesi ambao Mama aliununua kwa ajili ya kifua changu. Basi nikawa natumwa na karai kwa majirani. "Shikamoo. Bibi anaomba majivu."

"Marahaba. Majivu?" Walicheka mpaka wakashika mlango. "Watu tumezoea kuombwa moto, nyie mnaomba majivu!"

Mama Zuhura ndiye aliyetupa mengi, maana alipikia kuni za kweli. Alituwekea kabisa kwenye kopo. Jioni alikuja kukaa na Bibi, wakichagua mchele kwenye ungo mmoja, na kicheko chake kilianza kufika kabla yake. Mimi na Zuhura tuliruka kamba pembeni. Zuhura ndiye rafiki niliyekuwa naye. Sikuwa na wa akiba.

Asubuhi moja Zuhura alichungulia juu ya ua akamwona Bibi ameinama kwenye chungu, macho mekundu kwa moshi wa miaka yote ile kabla ya gesi, ananong'ona kwa kilugha, na yai linazunguka kwenye maji yanayoonekana meusi ndani ya chungu. Akaenda kumwambia mama yake. Wiki ile kulikuwa na kichanga mmoja wa mtaani anaumwa degedege. Majivu ya majiko ya watu, yai, bibi wa mlimani. Unaona mwenyewe hesabu ilivyojijumlisha.

Kesho yake nilipokwenda na karai, Mama Zuhura alichota maji kwenye ndoo akayamwagia majivu yake mbele yangu. Yakafuka mvuke.

"Majivu leo hakuna, mwanangu," akasema, bila kuniangalia.

Zuhura alikuwa mlangoni. Nilimsubiri atoke, akatoka mpaka kwenye ua tu.

"Mama kasema usije tena kwetu."

"Kwa nini?"

"Mnachukua majivu ya watu. Mnaenda kuyafanyia nini?"

"Tunafulia."

"Muongo! Yai nimeliona kwa macho yangu. Nalo mnalifulia? Bibi yako ni mchawi!"

Nilikuwa na jibu zuri kabisa. Lilinijia usiku, nikiwa kitandani.

Nilimwambia Bibi vilevile, bila kupunguza: "Zuhura amesema wewe ni mchawi." Alikuwa anakamua kitambaa. Akaendelea kukikamua hata maji yalipokwisha.

"Amesema Zuhura, au amesema mama yake?"

"Mama yake."

Akakianika.

Siku zilizofuata nilicheza rede, nikirushiana mpira na ukuta. Ukuta haukosei kurusha, ndiyo maana hauchezeki. Nilikuwa nasikia kamba ya Zuhura ikipiga ardhi upande wa pili, najua kabisa amefika ngapi, namhesabia moyoni. Nilimwombea Mungu anirudishie Zuhura tu. Nikaahidi kwamba nitaacha hata kumkumbuka Mama, nikidhani Mungu hufanya mabadilishano.

Jumamosi Bibi alibeba kopo, chungu na karai, akavipanga mbele ya nyumba, kando kabisa ya njia ya kwenda bombani. Majivu yalikuwa yale ya mwisho kwenye gunia. Akakaa kwenye kigoda akaanza kazi, akimsalimia kila anayepita.

"Bibi, leo umehamia barabarani?" akauliza mama mmoja mwenye ndoo kichwani.

"Nimehamia, mwanangu. Karibu."

"Na hilo yai jamani?"

"Likielea, maji makali, yatanichubua. Naongeza maji mpaka lizame. Kaa ulione."

Mama yule akatua ndoo. Wakasimama wengine. Yai likaelea, likaongezewa maji, likayumba, likazama. Bibi akafua shati langu jeupe la shule mbele yao, akalikung'uta juani. Halafu akalitoa yai, akaliosha, akanituma nikalichemshe. Nikalila pale mlangoni, macho ya mtaa mzima kwangu, mimi ambaye hata kusoma kwa sauti darasani nilikuwa nalia. Nikalichovya kwenye chumvi. Nikameza.

"Makubwa!" akasema yule mama. "Uchawi wenyewe unaliwa na chumvi!"

Kicheko kikalipuka. Mwingine akauliza kama maji yale yanatoa mafuta ya taa kwenye nguo. Mwingine akaomba kidogo kwenye kikombe. Katikati ya kicheko hicho Mama Zuhura akapita na ndoo yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nawahi maji yasikatike."

Akapita. Lakini mchana Zuhura alikuja na kamba shingoni na kopo la majivu mkononi. "Mama kasema tucheze," akasema, na papo hapo akaanza kubishana nani aanze kuruka. Sikumbuki kuwahi kufurahi vile. Kwangu mimi mambo yaliisha siku hiyohiyo.

Hapa shuleni ndiyo nimejifunza jambo. Muhula uliopita rafiki yangu mmoja alinisema vibaya kwa wenzake, akagundua kwamba nimejua. Sikumgombeza. Nilimkaribisha akae kitandani kwangu bwenini kama kawaida. Angekuwa na hasira tu, zingepoa. Lakini alikuwa ananionea aibu, na mpaka leo ananisalimia akiwa anatembea.

Ndipo nikamkumbuka Mama Zuhura. Majivu aliendelea kuyaleta, kwa mkono wa mwanawe. Salamu alizitoa, tena kwa heshima, juu ya ua. Lakini hakukaa tena kwetu, hata jioni moja. Bibi alichagua mchele peke yake, ungo magotini, na sisi tukipiga kelele pembeni. Mimi nilikuwa nimerudishiwa wangu, na sikuwahi kuangalia kama na yeye amerudishiwa wake.

Giza likikaribia niliingia ndani na miguu yenye vumbi, nikitokea kwao Zuhura, na kila siku Bibi aliniuliza.

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Mzima?"

"Mzima," nikajibu, nikimpita kwenda kunywa maji. Niliona ni maswali ya watu wazima tu, ya kupitisha muda. Ua wetu ulikuwa mfupi, haukumfika Bibi hata kifuani. Angeweza kusimama akamuuliza mwenyewe.