Spika Nne za Chumba cha Mahindi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, saa nne asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya kigoda ndani ya chumba tulichozoea kuhifadhia mahindi, nikipima ukuta kwa futi kamba ya mume wangu. Chumba kilikuwa kimekwisha kufagiliwa na kupakwa rangi, lakini harufu ya magunia ilikuwa haijatoka. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Uluguru, na mlima ulionekana nusu tu, ile ya chini.

"Umepata ngapi?" mume wangu aliuliza kutoka sebuleni.

"Mita tatu na robo."

"Pima tena. Kuta za nyumba hii hazijawahi kunyooka. Nazijua, nilizijenga mimi."

Nilipima tena. Alisema kweli. Ulizidi vidole viwili.

Mume wangu alikuwa bwana misitu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alipanda na kushuka miteremko ya Uluguru akikagua mipaka ya hifadhi, na alikuwa na macho ya kutambua mti uliokatwa kutoka ng'ambo ya bonde. Kisha presha ya macho ikaanza kumnyang'anya dunia kutoka pembeni kuelekea katikati, kama mtu anayefunga pazia polepole. Daktari alitueleza kwa upole kwamba dawa zingechelewesha tu; kilichokwisha kupotea hakirudi. Mume wangu aliipokea habari hiyo kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio.

Tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu tulikuwa na desturi moja: kila Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, tunatazama filamu pamoja. Tulianza kwa jirani aliyekuwa na deki ya video, tukahamia kwenye televisheni yetu wenyewe, tukalea watoto na kuwasindikiza kwenda kwao, na Jumamosi zikabaki zetu. Lakini mwezi wa Aprili, filamu ilipoanza, aliinuka akakigeuza kiti chake kuelekea mlangoni.

"Wewe tazama, mwalimu," aliniambia. Ndivyo anavyoniita, kwa sababu nafundisha chuoni. "Mimi nangoja chai."

Sikuogopa upofu kama nilivyokiogopa kitendo kile. Upofu ulikuwa wa macho yake. Kule kugeuka kulikuwa kwa nafsi yake. Niliona mtu anayejitoa, kidogo kidogo, katika maisha yetu huku angali ameketi ndani yake, na nikaona kwamba nisipomrudisha mapema hatarudi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la chumba cha mahindi: projekta ndogo kwa ajili yangu, na kwa ajili yake sauti itakayofanya kazi ya macho.

Mchana wa Jumamosi ile ya Juni nikaenda mjini, kwenye duka moja la vifaa vya umeme karibu na soko. Mwenye duka ni mzee wa asili ya Kihindi, aliyezaliwa mji huu kama baba yake, na huwa na miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Sema."

"Nataka sabufa. Kubwa."

"Harusi lini?"

"Hakuna harusi."

"Basi jirani amekuudhi."

Nilicheka, kisha nikamweleza. Nilimweleza zaidi ya nilivyokusudia, na nilipomaliza alikuwa ameteremsha miwani ya utosini, ingawa hapakuwa na cha kusoma.

"Sabufa inapiga kifua," alisema. "Wewe unatafuta kitu cha kuzungumza na sikio. Njoo."

Alinipeleka chumba cha nyuma, ambako kuta zilikuwa zimetundikwa spika za kila namna. Akaniketisha kwenye kiti cha plastiki katikati.

"Fumba macho. Usichungulie, nitakuona."

Ikasikika sauti ya mwanamke akisoma habari za hali ya hewa.

"Yuko wapi?" mzee aliuliza.

"Kwenye spika, kulia na kushoto."

"Basi hizo huzitaki. Tena?"

Akabadilisha waya. Mwanamke yule yule, maneno yale yale. "Yuko wapi?" Nilinyoosha kidole mbele yangu, juu kidogo, mahali ambapo ungekuwepo uso wa mtu aliyesimama. Nilikuwa na hakika kiasi kwamba nilijiandaa kumsalimu. Nikafumbua macho. Kidole changu kilikuwa kinaelekea hewani, kati ya spika mbili zisizozidi ukubwa wa mkate wa boflo.

"Fumba. Bado," alisema mzee, na sasa akaziwasha na zile mbili zilizokuwa ukuta wa nyuma yangu.

Mvua ilianza mbali, nyuma ya bega langu la kushoto. Matone machache, mazito, juu ya bati. Kisha yakakaribia, yakapita juu ya utosi wangu, yakatanda chumba kizima, na kutoka kulia nikasikia maji yakianza kutiririka mferejini, chini kabisa, karibu na sakafu. Nilivuta miguu yangu isilowe. Nina shahada mbili, na nilivuta miguu yangu katika chumba kikavu mwezi wa Juni. Kuta zilikuwa zimeondoka. Sikuwa nikisikiliza mvua. Nilikuwa mahali inaponyesha. Nilipofumbua macho, mashavu yangu ndiyo yaliyokuwa yamelowa.

"Ni muujiza gani huu, mzee?"

"Hakuna muujiza, mama. Mungu alikupa masikio mawili. Leo umeyatumia."

Nilinunua zile nne. Kabla sijaondoka alinisisitizia zifungwe usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, si juu karibu na dari kama zinavyofungwa kwenye vibanda vya video, na fundi wetu akafanya hivyo hivyo katikati ya wiki iliyofuata.

Hapa inanibidi nimtaje wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyeshuka kutoka milimani kuja kukaa nasi tangu macho ya mdogo wake yalipoanza kufifia. Kwa Waluguru ukoo hufuata mama, na dada wa mume si mgeni anayepewa nafasi nyumbani kwa kaka yake. Ni mwenye neno. Alizitazama zile spika zilizong'aa kwa weusi, na kwa siku mbili cherehani yake haikupumzika. Siku ya Ijumaa alituletea foronya nne za mahameli nyekundu, zenye bitana ya drili na lesi pembezoni, akazivisha moja baada ya nyingine na kuzikaza kwa mpira.

"Kitu kipya hakikai uchi mbele za watu," alisema.

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nimelelewa katika nyumba ambamo redio ilikuwa na kitambaa chake, jagi na chake, meza na chake, hata pasi ilikuwa na kitambaa. Kwetu kitu kilichoachwa wazi ni dalili ya nyumba isiyo na mwanamke, au yenye msiba. Kwa hiyo sikuona kosa. Niliona chumba kilichopambwa.

Jumamosi, baada ya alasiri, nilimwongoza mume wangu hadi kwenye kiti chake. Nilikuwa nimechagua filamu iliyojaa msitu, kuhusu mwanamke anayemtafuta kaka yake aliyepotea ng'ambo ya mto. Nikazima taa, nikangoja ule mshangao wa dukani umfikie na yeye. Msitu ulipoonekana ukutani, sauti ilikuja kama inatoka chini ya blanketi. Ndege walisikika kama wamefungiwa kabatini. Nilidhani ni mwanzo tu wa filamu.

"Anasema nini huyo?" aliuliza.

Nikaongeza sauti. Ikawa nzito zaidi, si wazi zaidi.

"Spika zote zinafanya kazi?"

"Zote nne."

Kisha niliona mikono yake ikipanda na kuyagusa masikio, yote mawili, kama mtu anayehakikisha kama kofia yake ipo.

"Basi na masikio nayo," alisema.

Akainuka, akaupapasa ukuta hadi mlangoni, akaenda zake. Mimi nilibaki na mwanamke wa kwenye filamu, akifungua mdomo na kuufunga.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko Aprili. Mtu akikwisha kuamini kwamba anakuwa kiziwi, huanza kuwa. Aliitwa mara mbili kabla ya kuitika. Aliacha kuuliza ndege gani analia mkomamangani. Nami niliyetaka kumrejeshea kitu, nilikuwa nimempa ushahidi kwamba alichobakiwa nacho ni kidogo kuliko alivyofikiri. Jumatatu nilirudi dukani nikiwa na hasira ambayo sikuificha.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. "Spika zangu hazisemi hivyo," alijibu. "Kesho nakuja mwenyewe."

Alikuja Jumanne baada ya adhuhuri, akisafisha miwani. Alifika kwenye mlango wa chumba cha mahindi, akatazama, akabadilisha miwani, akatazama tena.

"Mama, nani amezifunga hizi midomo?"

"Hazijafungwa, mzee. Zimevishwa."

"Na aliyezivisha ni mimi," wifi alisema nyuma yetu. "Una neno?"

Mzee aligeuka. Alimtazama mwanamke yule aliyejifunga khanga kiunoni kama anayekwenda kulima, na akaelewa haraka kuliko nilivyotarajia kwamba hapo bei haipunguzwi.

"Dada yangu, kazi ya mkono wako haina kasoro. Naomba ruhusa tu zivuliwe kidogo."

"Kwani zinasikia joto?"

"Zinazungumza. Wewe ungeweza kuzungumza na blanketi mdomoni?"

"Mimi? Hata ukiniwekea magodoro mawili utanisikia!"

Na kutoka sebuleni, nyuma ya ukuta wa matofali na mlango uliorudishwa, mume wangu akaangua kicheko: "Kweli kabisa! Huyo akiita mbuzi wake kule juu, wanageuka watu wa bonde la pili!"

Mzee aliinua kidole.

"Huyo ndiye kiziwi wenu?"

Wifi alitoka kwa hatua tatu. "Wewe!" tulimsikia akimwambia. "Siku tatu nakupigia kelele uje ule, kumbe masikio unayo, umeyaficha? Nilikubeba mgongoni mimi!"

"Dada, nilidhani..."

"Ulidhani! Inuka."

Wifi alirudi, na hakumruhusu mtu mwingine aguse. Alizivua foronya yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizikunja juu ya mapaja kama anayekunja nguo za mtoto. Niliianzisha filamu upya. Msitu ukaingia chumbani. Ndege mmoja alilia nyuma yetu, mwingine akamjibu kutoka pembe ya mbele, na umbali uliokuwa kati yao ulikuwa umbali wa kweli, wa miti na hewa. Wifi aligeuka kumtafuta yule wa nyuma. Akalitaja jina la Mungu kwa sauti ndogo.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameushika ukuta. Mkono wake ulikuwa wazi mbele yake, kiganja juu, kama mtu anayepima kama mvua imeanza.

"Mto huo unapita kwenye mawe," alisema. "Si mchanga. Na huyo mwanamke yuko upande wenye ukoka. Sikilizeni miguu yake. Atateleza."

Mwanamke aliteleza.

"Umeiona hii filamu wewe?" wifi aliuliza.

"Sijaiona," mume wangu alijibu, akaja akaketi.

Mzee aligoma kunywa soda na akagoma kulipwa nauli. Alipokuwa akivaa viatu barazani alisema kwamba katika miaka yote ya biashara wateja humletea malalamiko tu. Siku moja angependa kuambiwa mtu anasikia nini. Kwa hiyo, wiki tano baadaye, niliketi mezani na kumwandikia barua hii, ambayo niliipeleka dukani mwenyewe.

*

Mzee wangu,

Shikamoo. Natumaini wewe na wa nyumbani mwako hamjambo. Uliuliza anasikia nini.

Wiki mbili zilizopita tulitazama filamu ambamo mzee mmoja amelala kitandani. Picha ilikaa usoni mwake kwa muda mrefu, na sikuona kitu kingine. Mume wangu akasema, "Kuna mtu wa pili humo ndani, amezuia pumzi." Nilimwambia hakuna. Baadaye picha ikageuka, na binti wa yule mzee alikuwa amesimama kando ya kabati tangu mwanzo. Nimetazama filamu maisha yangu yote, na sasa najiuliza ni watu wangapi niliowapita wakiwa wamesimama pale.

Juzi tulikwenda Dar kwa daktari wake. Jicho la kulia limekwisha. Hatofautishi tena dirisha na ukuta. Nakuandikia hili kwa sababu sitaki udhani spika zimeponya kitu. Wakati wa kurudi hakusema lolote hadi tulipopita Mikese, ndipo akauliza kama tutafika kabla ya alasiri. Ilikuwa Jumamosi. Tulifika.

Wifi anakusalimu. Anazivua mahameli yake kila wiki kabla hatujaanza, na anasema usidhani ni kwa sababu yako.

Ukifunga duka mapema siku mojawapo, karibu utazame nasi. Ila nakuomba jambo moja: usimnong'oneze kinachoonekana. Mimi nilifanya hivyo, akaniambia ninyamaze, namziba masikio.

Wako,
Mteja wa spika nne