Siku Tuliyojibandika Plasta

Nilianguka na pikipiki kwenye matope ya mtaa wa Kware, Nairobi, chakula cha mteja kikamwagika, na uso wangu ukavimba upande mmoja kama andazi. Nililala ndani siku mbili tu. Sisi tunaopeleka chakula hatuna likizo ya ugonjwa.

Siku ya tatu nilijikokota hadi steji yetu, pale tunapongojea kazi, nje ya hoteli moja Industrial Area. Programu ya simu inayotugawia kazi hutaka picha ya uso kila asubuhi, ihakikishe hujamwazima mtu akaunti yako. Nikajipiga picha. Ikasema huyo si mimi, ikanifungia. Nililalamika mara saba, na mara saba nikajibiwa maneno yale yale: subiri. Nilitamani kuitupa ile simu mtaroni. Nina watoto wawili, wangekula nini nikisubiri?

Wenzangu kumi, wanaume watupu, huniita Mathe, yaani mama, ingawa sijafika hata arobaini. Mmoja wao akatoka dukani na pakiti ya plasta.

"Mathe, kama wewe si wewe, leo hata sisi si sisi."

Wakajibandika mashavuni na puani, mmoja akaziba jicho zima, kisha wakajipiga picha. Simu zikawafungia wote. Niliwaita wajinga, nikawasihi waache, maana niliogopa wangepoteza kazi kwa ajili yangu. Walinicheka tu.

Saa saba, wafanyakazi wa maghala wakingoja chakula chao, hakuna hata sahani moja iliyotoka pale. Mwenye hoteli aliwapigia wenye programu, akawafokea hadi sauti ikamkauka. Saa nane likaja gari, akashuka bwana mmoja wa shati jeupe. Kwa miaka minne niliyowafanyia kazi, huyo ndiye mtu wao wa kwanza niliyemwona kwa macho.

Akauliza kiongozi wetu ni nani. Hatukuwa naye. Wale kumi wakageuka, wakanitazama.

Nikavua helmeti. "Ni mimi. Utatufungulia sote, na utaandika hapa kwamba mtu wetu akiumia, ataongea na binadamu."

"Sina ruhusa ya kuandika hivyo."

"Basi ipigie simu hiyo ruhusa. Sisi tupo."

Alipiga simu, akatufungulia sote, akaandika kwenye karatasi, tukatia sahihi. Karatasi hiyo imebandikwa ukutani hotelini hadi leo, na sahihi ya kwanza ni yangu.