Aina ya Kumi na Moja

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama kando ya bwawa huko tambarare za Usangu, mfuko wa unga mkononi, moyo unanidunda hadi nikahisi ng'ombe waliokuwa wakinywa maji kule mbali wangeusikia. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu si muda mrefu, kichwa kimejaa elimu ya viumbe wa baharini, na kifua kimejaa woga wa kila kitu kingine.

Nikwambie kidogo juu ya woga huo, maana bila huo kisa hiki hakina mama wala baba. Mimi ni wale watu ambao wakishafunga mlango hurudi mara tatu kuutikisa. Chumbani kwangu Ilomba, mjini Mbeya, nilikuwa nikishafunga bahasha naifungua tena kuona kama nimeweka tarehe. Marehemu baba, mkulima wa Iringa na mzee wa kanisa, alikuwa akinicheka: "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Lakini kunguru wa methali anajua anakimbia nini, na mimi nilikuwa sijui.

Chuoni tulijifunzia pwani. Tulichunguza vidimbwi vinavyobaki mwambani maji yakipwa: vina viumbe wa aina ngapi, na wakipungua hurudi baada ya muda gani. Kazi yangu ya kwanza ikawa kufanya hivyo hivyo huku bara. Wakubwa walitaka kujua mto wa Usangu una samaki wa aina ngapi, na kama samaki hao wanaweza kustahimili ukame na uvuvi kwa pamoja. Watu waliniita Bwana Samaki ingawa mimi ni mwanamke, kwa kuwa cheo hicho kilikuwa hakijapata jina jingine.

Kiangazi kikikaza, mto ule hukatika. Hubaki mchanga mweupe, na hapa na pale mabwawa ambamo samaki wote hujibana kungoja mvua. Watu walivua katika mabwawa hayo, isipokuwa moja tu, bwawa la Mkuyuni. Hilo lilifungwa tangu siku mto ulipoacha kutembea. Mwanamke mzee aitwaye Bibi Twilumba, Msangu aliyeishi kwa kukausha samaki, alisimika tete ukingoni na kulifunga fundo la majani, basi. Hakukuwa na mgambo wala faini. Hata watoto waliokwenda kuoga walilizunguka kwa mbali.

Nilimwendea kumuuliza.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Kaa."

"Bibi, bwawa la Mkuyuni lina samaki wa aina ngapi?"

"Wa kutosha."

"Wa kutosha ni wangapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa usiku una urefu wa pima ngapi. "Wa kutosha mpaka mvua."

"Na kwa nini halivuliwi?"

"Ni mwiko."

Niliandika neno hilo kwenye daftari, na mbele yake nikaweka alama ya kuuliza. Kisha nikaaga. Kuuliza si ujinga, ndivyo wasemavyo, lakini kuuliza na kuondoka kabla mwenzio hajamaliza kumeza mate ni ujinga mtupu. Nilidhani mwiko ni mahali maelezo yanapokwisha. Sikujua kwamba ndipo yalipofichwa yasipotee.

Nikavua kwa wavu katika mabwawa mengine, nikapeleka taarifa yangu ya kwanza Mbeya. Ikarudi na maneno mawili ya mkubwa wangu, kwa wino mwekundu, pembeni mwa ukurasa: "Una uhakika?" Pengine aliyaandika huku anakunywa chai, akasahau. Mimi nilikaa nayo wiki nzima. Wavu huacha wadogo. Wavu huacha wale wanaojificha kwenye mizizi. Vipi kama ipo aina ambayo sikuiona? Vipi kama atakuja mtu mwingine akaiona? Nilijiona nimesimama mbele ya watu wenye miwani, naulizwa, natafuta jibu kwenye makaratasi, na makaratasi yote ni meupe.

Dawa ya woga wangu ilikuwamo sandukuni: unga wa mzizi unaolewesha samaki, ndugu wa ule utupa ambao wazee wetu wanaujua. Mwalimu wetu kule pwani aliutumia katika vidimbwi vya mwambani. Unanyunyiza, samaki wote wanaelea, unahesabu hadi wa mwisho. Hubahatishi. Na bwawa ambalo halijaguswa na mvuvi, niliwaza, ndilo litakalokuwa na aina zote. Litakuwa Mkuyuni.

Ndiyo asubuhi ile niliyoianza. Nilikuwa nimemwomba kijana mmoja mfugaji, Masanja, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wa ukoo wao, anibebee ndoo. Alipoliona tete alizishusha chini.

"Dada, hapo mimi siingii. Mgeni hang'oi kigingi cha mwenyeji."

"Hii ni kazi ya serikali, Masanja."

"Serikali iko Mbeya. Bibi yuko hapa."

"Mwanamume mzima unamwogopa bibi kizee!"

"Na wewe je, Bwana Samaki? Wewe unaogopa karatasi." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilipovuka tete aligeuka akaenda zake, nami nikaufungua mfuko.

Nikanyunyiza. Haikuchukua muda, wakaanza kupanda. Perege kwanza, wanazunguka kama walevi. Ningu. Kambare, wakipiga vichwa juu ya maji. Kisha wale wadogo wadogo ambao wavu wangu haukuwahi kuwashika. Nilihesabu, nikaandika, nikahesabu tena. Aina kumi. Na kwenye mizizi ya mkuyu, mwisho kabisa, akaibuka samaki mmoja wa urefu wa kidole changu kidogo, ana doa jeusi karibu na mkia. Aina ya kumi na moja. Nilimtia kwenye chupa ya dawa ya kuhifadhia. Mungu anisamehe, mwanangu, nilifurahi. Sasa mtu akiniuliza kama nina uhakika, ninao.

Kisha nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka hata leo mwili unanisisimka. Nilinyoosha mgongo, nikageuka kuutazama mto kule chini, kama nilivyozoea mwambani, kungoja maji yajae yalete wengine.

Mchanga. Mchanga mweupe mpaka jicho linapokoma. Baharini maji hupwa na kujaa siku hiyo hiyo. Hapa yangejaa baada ya miezi, na yangejaa maji matupu, kwa sababu samaki wa kuyafuata walikuwa mbele yangu, matumbo juu.

Mabwawa mengine yalikuwa yameshavuliwa hadi tope. Niliwaza akina mama wa kijiji na vichanja vyao vya kukaushia, vitupu, mwaka huu, mwaka kesho, na wakiulizwa sababu wataje jina langu.

Masanja alikuwa hakwenda zake. Alikwenda kumwita Bibi. Bibi alikuja kwa mwendo wa haraka kuliko nilivyodhani miguu yake inaweza, akasimama penye tete, akatazama.

"Uliniuliza kwa nini," alisema hatimaye, "ukaondoka. Mvua ikija, wanaotoka humu ndio wanaokwenda kwenye mabwawa yote. Mto mzima unazaliwa hapa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, ndivyo walivyotufundisha. Wewe hukutukana. Wewe umemwua mkunga."

Nikaanza kulia na kueleza. Nikamtaja mkubwa wangu, nikataja wino mwekundu, nikataja pwani. Bibi alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni na yumo majini hadi mapajani.

"Utalia jioni," alisema. "Sasa shika ndoo. Hawa wengine bado wanapumua."

Walikuwa wanapumua kweli. Samaki aliyeleweshwa, ukimwahi na maji safi, huweza kuzinduka. Hilo nililijua kwenye kitabu, na woga ulikuwa umelifuta kichwani nisilikumbuke. Lakini maji safi yako wapi? Mabwawa yote yalikuwa tope. Tuligeuka sote wawili tukamtazama Masanja.

"Msinitazame hivyo," alisema.

Alikuwa na kisima cha ng'ombe, alichokichimba yeye na nduguze kwenye mchanga wa mto, kipana, maji yake baridi. Ng'ombe wake hawakuwa na kingine karibu.

"Ng'ombe walale na kiu kwa ajili ya perege? Bibi, kwetu wakisikia watanifukuza ukoo."

"Ukoo wako unakula nini ugali ukiwa mkavu?"

Masanja alivua kofia, akaitia samaki wawili, akaondoka mbio. Tulibeba hadi jua la saa sita likatushinda. Kambare walihimili zaidi. Perege walikufa wengi njiani, mikononi mwangu. Wenzake yule mwenye doa jeusi niliwatafuta kwenye mizizi, nikiwa nimepiga magoti, napapasa. Niliwapata watano. Hakuna aliyezinduka.

Baada ya hapo, miezi ya kungoja. Masanja alipeleka ng'ombe mbali, safari ya nusu siku, nami nilikata majani ya kukifunika kisima kisipate jua. Kila alfajiri nilikwenda kuchungulia, nikitarajia kukuta wanaelea. Taarifa yangu niliiandika upya: aina kumi na moja, na nilizipata kwa kuliua bwawa. Sentensi ile niliikata na kuirudisha mara nyingi kuliko nilivyowahi kuutikisa mlango. Mwishowe nikaiacha, nikaituma. Jibu lilichelewa, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nalingoja. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kuogopa: mawingu.

Mvua zilikuja. Mto ukatembea, ukakifunika kisima, ukalifikia bwawa la Mkuyuni na kulipita. Bibi alingoja maji yapungue kidogo, akaling'oa tete, akatega migono, ile mitego ya vikapu, penye mdomo wa bwawa. Kesho yake aliniita.

"Inua."

"Siwezi, Bibi. Vipi kama ni mtupu?"

"Kama ni mtupu, ni mtupu hata usipouinua."

Nikainua. Ulikuwa mzito. Perege wachanga, wengi, wanarukaruka, na kambare mmoja mwenye hasira. Masanja aliruka akashangilia: "Hao ni ng'ombe wangu! Wamekunywa maji yangu!" Bibi alichukua mmoja tu, wengine akawarudisha majini. Kisha akanigusa bega. Hakusema amenisamehe. Aliniambia nikaoshe mikono nile.

Yule wa kumi na moja hakurudi. Nilimtafuta kila kiangazi nilichokaa Usangu, hadi nilipohamishiwa Iringa. Pengine yuko kwenye bwawa fulani nisilolijua, na mara nyingi nimeomba iwe hivyo. Ninayemjua mimi yuko kwenye chupa, hapa kwenye rafu ya nyumba yangu ya Ipogolo, doa lake limefifia. Wajukuu huniuliza ni wa nini. Leo nimekueleza wewe.

Basi mwanangu, uliyemaliza masomo juzi na usingizi huupati, nisikilize. Sikwambii usiogope, maana mimi mwenyewe jana usiku niliutikisa mlango. Nakwambia uangalie woga wako unataka nini. Ukikutaka uwe mwangalifu, utii. Ukikutaka ujue kila kitu hadi cha mwisho ndipo upumzike, ukatalie, kwa kuwa vitu vingine vinaishi kwa sababu hakuna aliyevimaliza kuvihesabu. Uendako, usipime kwa maji ya ulikotoka. Penye mwiko kaa chini, ungoje mwenyeji amalize kusema. Akiba haiozi, ukikuta watu wamefunga bwawa, jua kuna kesho ndani yake. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usipoteze pumzi ya samaki kwa machozi yako. Shika ndoo, kisha uandike ukweli.

Mungu akujalie mvua kwa majira yake. Kiangazi kikikukuta, kikukute na bwawa moja ambalo hujaligusa, na jirani wa kukupa kisima chake. Enenda salama.